Kimya Nilichokutafutia, Mama

Mama yangu,

Nakuamkia kwa kalamu: shikamoo. Ile ya simu kila mara inakatika kabla hujaitikia marahaba, nami nabaki kama mtoto asiyefunzwa adabu. Je, goti la kushoto linasemaje? Unalichua kwa yale mafuta ya habasoda niliyokuletea, au umeyafungia kabatini ukingoja wageni? Nakujua mimi. Na presha? Na kuku wako mweusi, yule mwehu anayetaga juu ya kabati la vyombo, bado yupo? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila mikono inanuka sabuni ya dobi hata siku ya mapumziko. Miaka kumi na moja ya kufua mashuka ya hoteli si mchezo.

Barua hii itakufikia kwa mkono. Mwenzangu wa kazini anarudi Dar es Salaam likizo, na ameniahidi ataipakia kwenye basi la Tanga pamoja na kanga zako mbili. Najua utajiuliza, huyu mtoto ana simu, barua ya nini? Mama, simu yako siku hizi ni mali ya ukoo. Ikilia tu inawekwa sauti ya juu na sebule nzima inakaa kusikiliza. Haya ninayotaka kukwambia ni yako peke yako. Vaa ile miwani ya marehemu baba uliyoifunga uzi, ukae barazani, usome mwenyewe polepole. Mdogo wangu Hamza akiuliza, mwambie nimekuandikia mapishi.

Unaikumbuka siku ile uliyonipigia, siku ya tatu baada ya kutoka eda? Uliniambia: "Zuhura mwanangu, nitafutie mahali pa kimya huko uliko, nije nipumzike." Mama, miaka yote nimekuomba uje Morisi, na miaka yote unanijibu kuwa wewe si mzigo wa kusafirishwa. Siku hiyo nilikuwa chumba cha kupigia pasi. Nilipokata simu nililibusu shuka la hoteli, wenzangu wakaniuliza kama nimeposwa.

Kwa akili zangu nikajua ni kelele za yule fundi wa mageti aliyehamia ukuta wa pili, na mashine yake ya kukatia vyuma. Nikasema basi, maadamu mama yangu anataka kimya, nitamtafutia kimya ambacho Morisi nzima haina mfano wake.

Huku nyumba za watu wanaokuja kukaa muda mrefu wanaziita kondominiamu. Ni ghorofa kubwa yenye fleti nyingi, kila mmoja na fleti yake, geti moja, mlinzi mmoja, lifti moja. Wamejaa wazee wa Ulaya wanaokimbia baridi ya kwao. Anakuja mtu kwa miezi mitatu, anakaa miaka mitatu. Ni kama wanavyosema kwetu, waja leo, kuondoka majaaliwa.

Nikamshika dalali mmoja, kijana wa tai, akanizungusha Jumapili nne. Na mimi nilikuwa na kipimo changu. Nikiingia kwenye fleti siangalii jiko wala vigae. Navua viatu, nakaa chini katikati ya sebule tupu, nafumba macho, nasikiliza. Dalali mara ya kwanza alidhani naswali, akatoka nje kwa heshima akangoja kwenye ngazi.

Fleti ya kwanza ilikuwa karibu na pwani. Nzuri, lakini chini yake kuna baa, nikasema Mama akisikia ngoma hiyo ataomba tiketi ya kurudi siku hiyohiyo. Ya pili ilikuwa mjini, nyuma ya soko. Hapo sikukaa chini hata dakika mbili. Muuza samaki anapiga honi, watoto wa madrasa wanasoma kwa pamoja, na mama mmoja wa ghorofa ya chini alituona tunapanda akaniuliza kwa Krioli, lugha ya huku, mimi ni mtoto wa nani na nimeolewa wapi. Kabla sijajibu akanitia mkononi kibagia cha dengu, cha moto, wao wanakiita gato pima. Nikamwambia dalali, twende zetu, hapa ni kama Ngamiani ya kwetu Tanga siku ya sikukuu.

Ya tatu iko juu mlimani, katikati ya mashamba ya miwa. Nilipokaa chini na kufumba macho sikusikia kitu. Wallahi, sikusikia hata mbwa. Nikamwambia dalali, hii ndiyo ya mama yangu.

Sasa sikiliza ulipo ugumu. Mkataba wangu wa dobi unaisha mwisho wa mwezi, na wakubwa wananitaka niweke saini ya miaka miwili mingine. Mwenye fleti naye anataka miaka miwili. Bila mkataba wa kazi sipati fleti, na bila fleti wewe hupati ruhusa ya kukaa. Zilikuwa saini mbili za siku moja, na siku yenyewe ilikuwa Ijumaa iliyopita. Nikamwomba mwenye fleti nikae kwanza mwezi mmoja nionje, akakubali.

Wiki ya kwanza nililala kama mfu. Nikakutayarishia chumba. Nilikata miguu ya kitanda kiwe kifupi kwa ajili ya goti lako, nikakigeuza usiikanyage kibla, nikakuwekea kiti dirishani. Nikanunua hata kibao cha mbuzi ukunie nazi, halafu nikasoma karatasi ya masharti iliyobandikwa kwenye lifti: hakuna kutwanga, hakuna viatu vya kugonga, hakuna nguo kuanikwa kibarazani. Mama, mimi mtu wa dobi nimekatazwa kuanika nguo! Nilicheka peke yangu ndani ya lifti, halafu nikaona kamera, nikanyamaza.

Wiki ya pili kimya kikaanza kunikaa masikioni. Nilikuwa nikitoka kazini naketi kwenye kile kiti chako, na bila kutaka naanza kusikiliza mtaa wetu wa Mabawa. Namsikia muuza mikate anapiga kengele ya baiskeli. Namsikia Mama Chiku upande wa pili wa ua anawatukana kuku, halafu anawaita kwa jina. Redio ya baba inasoma matangazo ya vifo, na baba anasema "Inna lillahi" kwa kila jina hata asiowajua. Nakusikia wewe unakuna nazi, na najua kwa mlio kwamba kifuu kimekaribia kwisha na utaniita nije nichuje tui. Nikifumbua macho naona miwa. Niliona aibu, mtu mzima wa miaka arobaini na sita kulilia mlio wa mbuzi ya nazi, lakini nililia.

Ijumaa ya wiki hiyo nikaona bora nijitambulishe kwa jirani, maana utakapokuja utahitaji mtu wa kukujulia hali nikiwa kazini. Nikaloweka kunde, nikasaga, nikakaanga bagia. Nikazipanga kwenye ile sahani ya bati yenye ukingo wa buluu. Unaijua sahani ipi. Ile ya Mama Chiku, aliyoleta visheti asubuhi ya safari yangu, nawe kwa haraka ukaisokomeza begini na visheti vyake. Mpaka leo nikipiga simu huyo mama hanisalimii kwanza. Ananiuliza, "Sahani yangu imezeekea wapi?"

Nikaifunika kwa kitambaa, nikavuka ukumbi hadi mlango wa mbele yangu. Hakuna aliyenieleza kwamba pale watu hawapelekeani chakula. Nikagonga, na mdomo ukatoka na lugha yake wenyewe: "Hodi!" Ndani nikasikia sauti ya televisheni inapunguzwa. Nikaita tena, kimya. Nikaiweka sahani mlangoni, nikarudi kwangu.

Asubuhi nikakuta karatasi imepitishwa chini ya mlango wangu kutoka ofisi ya jengo. Chakula kimeachwa sehemu ya watu wote, kinaleta wadudu na harufu, hili ni onyo la kwanza. Na mchana nilipofungua mlango nikaikuta sahani juu ya zulia langu. Imeoshwa, imekaushwa, inang'aa, na tupu.

Mama, ile karatasi haikuniuma. Sahani iliniuma. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba sahani ya jirani hairudi tupu, hata iwe ndimu moja, hata iwe chumvi ya kunyunyiza. Nakumbuka mwaka baba aliposimamishwa kazi, ukakaa na sahani hii hii wiki mbili, Mama Chiku anapita unajificha, kwa sababu hukuwa na cha kuweka juu yake. Mwishoni ukachuma mchicha wa nyuma ya choo, ukaupanga majani juu, mashina chini, ukanituma. Mama Chiku akaupokea akasema, "Hii ndiyo mboga niliyokuwa naiwaza." Kwetu anayerudisha sahani tupu amekwambia usiniletee tena.

Basi damu ikanichemka. Unazijua hasira zangu, nimezirithi kwa mtu na simtaji. Nikajitanda ushungi, nikavuka ukumbi, nimejaza mdomo Krioli yote ya ugomvi niliyojifunza kwa wafua nguo. Nikagonga. Mlango ukafunguliwa na mzee mrefu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Anaitwa Bwana Rolan. Kabla sijasema akaniuliza, "Ni wewe uliyeleta vile vidonge vya kukaanga?"

"Ni bagia," nikamwambia. "Na si desturi kumshtaki mtu kwa bagia."

"Mimi sikushtaki, Madam. Ni mlinzi, alikuona kwenye kamera. Mimi nilizila. Zote sita."

"Mbona hukufungua?"

Akatazama chini. "Miaka minne hakuna mtu aliyegonga. Nilidhani umekosea mlango."

Nikamwambia kwetu sahani hairudi tupu. Mama, ungemwona! Mzee alibadilika uso kama aliyeambiwa kakanyaga msikiti na viatu. Akakimbilia jikoni, nikasikia anafungua kabati na kulifunga, anafungua jingine. Akarudi na pakiti ya biskuti iliyofunguliwa, imebaki nusu. "Ndizo nilizonazo," akasema. Nikacheka mpaka nikashika ukuta, naye akacheka, halafu akaziba mdomo akatazama kamera. Akanikaribisha chai, tukaacha mlango wazi.

Nikamsifia utulivu wa pale, nikamweleza kwamba mama yangu anakuja kukaa miaka miwili, na ameniomba kimya. Bwana Rolan akaweka kikombe chini. Akasema: "Mke wangu aliumwa. Akaniambia, nipeleke mahali pa kimya. Nikauza nyumba yetu ya mjini, nikanunua hapa. Alikaa miezi saba. Wiki ya mwisho ndipo aliponiambia kwamba yeye hakuwahi kusumbuliwa na magari. Alichoka na mimi na mwanangu, tulivyokuwa tunagombana mbele ya kitanda chake."

Sikuimaliza chai. Niliaga, nikarudi kwangu, nikaketi juu ya kitanda chako kifupi. Na pale, Mama, nikaisikia upya simu yako ya siku ile, tangu mwanzo. Kabla hujasema neno la kimya, walisema wengine. Hamza alikuwa amekuja kutoka Horohoro, anapaza sauti kwamba nyumba ya Mabawa ni kubwa mno kwa mtu mmoja, vyumba vya mbele vipangishwe. Mwanaisha alikuwa amekuja kutoka Muheza, hata kapu la machungwa hajalishusha, anasema iuzwe kila mtu achukue fungu lake la mirathi. Na mimi, mkubwa wao, nilikuwa ndani ya simu, juu ya mapaja yako, napiga kelele kuwashinda wote: "Mnyamaze! Mama anakuja kwangu!" Hakuna hata mmoja wetu aliyekuuliza wewe. Ndipo ukasema, taratibu, nikutafutie mahali pa kimya. Mimi nikasikia kile nilichotaka kukisikia, kwamba unakuja.

Na fundi wa mageti je? Si wewe mwenyewe uliyeniambia kwamba ndiye aliyekuungia mguu wa kitanda bila malipo? Si asubuhi unampelekea chai na kiporo cha ugali wa bada? Yote uliniambia, nami nikaitikia "ehe, ehe" huku nakunja mashuka.

Nisamehe, Mama. Nasema wazi, nisamehe. Baba alizikwa alasiri ya siku ileile aliyofariki, nami nilikuwa huku, sikuushika hata udongo wake. Nadhani ndiyo maana nilipiga kelele kuliko wenzangu. Nilitaka niwe nimefanya jambo. Nikataka kukutoa kwenye nyumba yenye harufu ya baba, nikuweke mahali ambapo ungekufa kwa adabu, bila kumsumbua mtu.

Sasa nikueleze nilichofanya, uone kama nimepatia au nimeharibu. Nilimpigia Hamza kwanza. Nikamwambia, "Nyumba haiuzwi wala haipangishwi. Haki za mirathi zipo, hazikimbii, lakini hazitazungumzwa tena juu ya kichwa cha Mama mpaka yeye mwenyewe atake." Akaniuliza, "Dada, umerogwa?" Nikanyamaza makusudi. Ndipo akasema, "Hata mimi nimechoka. Nikifika pale najiona mwizi." Mwanaisha alikuwa mgumu zaidi. Alilia, halafu akanigeuzia: "Wewe uko mbali, ni rahisi kusema. Nani aliyekuwa anamwosha baba miguu?" Mama, yuko sahihi. Nikamwambia uko sahihi, na hilo hakuwa amelitegemea. Amekubali. Wakikuanzia tena, niambie.

Ijumaa ya saini ikafika. Dalali alikuja na kalamu mbili, moja ya akiba. Nikamwambia siweki saini. Akatazama huku na huku kwenye sebule, akasema, "Lakini Madam, hapa hakuna kero hata moja!" Nikamjibu ni kweli, hakuna. Jioni nikamwambia na mkubwa wa dobi kwamba mwisho wa mwezi natua mzigo. Naogopa, sikufichi. Nimezoea mshahara, nimezoea mashine kubwa, na sijui Tanga ya leo itanipokeaje. Lakini hoteli za Raskazone nazo zina mashuka, na riziki mafungu saba. Kama hunitaki nyumbani, niambie tu kwa ukali wako, nitapanga chumba jirani.

Nilipomuaga Bwana Rolan nilimpelekea bagia tena, na safari hii alifungua kabla sijagonga mara ya pili. Asubuhi sahani ilirudi na vijiti vitatu vya vanila vilivyofungwa kwa uzi, na karatasi yenye maneno: "Kwa mwenye sahani." Sijui kama amempigia mwanawe. Sikumuuliza, ila mlango wake siku hizi naukuta umeachwa nusu wazi.

Nisalimie mdogo wangu Hamza, mwambie aje na mchele wa kutoka Horohoro, asije mikono mitupu. Msalimie Mwanaisha, mwambie machungwa asinichagulie yaliyopondeka. Msalimie fundi wa mageti, mlezi wako ambaye mimi nilimwita kero. Na jirani yetu Mama Chiku mwambie sahani yake inakuja, na haiji tupu.

Wewe Mama usipike siku hiyo, wala usije kunipokea stendi na goti lako. Kaa ndani. Nitakuja mpaka mlangoni nipige hodi, nawe unijibu karibu kwa sauti yako yote, mashine ya fundi ikiwa inawaka, niisikie juu yake.

Mwanao wa kwanza, mwenye kelele,

Zuhura